Shule za bweni za Kijapani ughaibuni: Maisha na masomo mbali na kwao

KATIKA kijiji cha Rudgwick, kusini mwa Uingereza, karibu na mahali ambapo Surrey na West Sussex zinapakana, ipo shule ambayo mpita njia angeidhania kuwa moja tu ya shule nyingi za bweni za Waingereza. Ina viwanja vya nyasi, miti mikubwa na utulivu wa mashambani. Lakini mpita njia huyo akibahatika kuingia darasani, atamkuta mwalimu akifundisha hisabati, sayansi na historia kwa Kijapani, kwa kufuata mtaala ulioidhinishwa na Wizara ya Elimu mjini Tokyo. Hata mwaka wa masomo huanza Aprili, kama unavyoanza Japani, wala si Septemba kama unavyoanza kwa majirani.

Shule hiyo ni Rikkyo School in England. Ilifunguliwa mwaka 1972 na ndiyo kongwe miongoni mwa shule za bweni za Kijapani barani Ulaya. Huwapokea wavulana na wasichana kuanzia darasa la tano la shule ya msingi hadi mwisho wa shule ya upili. Maana yake ni kwamba mwanafunzi mdogo kabisa katika mabweni yake ni mtoto wa miaka kumi hivi, ambaye mama yake huenda yuko Paris, Cairo, Dubai au Osaka.

Ni nini kinachomfanya mzazi ampeleke mtoto wa umri huo katika nchi ya kigeni, na kisha agharimie karo ili afundishwe huko yale yale ambayo angefundishwa kwao? Jibu lina sehemu mbili, nazo ni mfumo wa elimu wa Japani na lugha yenyewe.

MIAKA TISA YA LAZIMA

Mtoto wa Kijapani husoma miaka 6 ya shule ya msingi, miaka 3 ya shule ya upili ya chini na miaka 3 ya shule ya upili ya juu. Miaka 9 ya kwanza ni ya lazima kisheria. Kwa kuwa ni ya lazima, serikali ya Japani hujiona ina wajibu kwa mtoto wake popote alipo duniani. Vitabu vya kiada vya miaka hiyo hutolewa bure hata kwa watoto walio ng'ambo, wakavipata kupitia balozi. Walimu nao hutumwa kutoka Japani kwenda kufundisha katika shule za kutwa za Wajapani, ambazo sasa ni zaidi ya 90 kote duniani. Nairobi inayo moja, katika mtaa wa Karen, na Afrika ina nyingine Cairo na Johannesburg. Pale ambapo Wajapani ni wachache, huwepo shule ya Jumamosi ya kufundisha lugha na hisabati, na siku nyingine mtoto huenda shule ya wenyeji.

Tatizo ni kwamba wajibu huo wa serikali hukoma pale ambapo ulazima unakoma. Shule hizo za kutwa huishia mwaka wa tisa, mwanafunzi akiwa na miaka 15. Ilichukua hadi mwaka 2011 kwa mojawapo, ile ya Shanghai nchini Uchina, kuanzisha masomo ya upili ya juu. Kwingineko, kijana anayehitimu mwezi Machi hana mahali pa kwenda kufikia Aprili, ikiwa anataka kuendelea kusoma kwa Kijapani.

Kwa hiyo familia iliyotumwa na kampuni nje ya nchi hujikuta ina njia tatu. Ya kwanza ni mama na watoto kurejea Japani na baba kubaki peke yake kazini. Jambo hili limeenea kiasi cha kuwa na jina lake, tanshin funin, yaani kuhamishwa kikazi bila familia. Ya pili ni kumwingiza mtoto katika shule ya kimataifa na kukubali kwamba Kijapani chake kitadhoofika. Ya tatu ni bweni la Kijapani lililo ng'ambo, ambako mtoto hukaa karibu kidogo na wazazi na bado hakatiwi uzi unaomwunganisha na elimu ya kwao.

UZITO WA KANJI

Sisi tunaoandika kwa herufi za Kirumi si rahisi kuelewa hofu ya mzazi wa Kijapani kuhusu lugha. Mtoto wa Kenya aliyelelewa Minnesota anaweza kusahau Kiswahili, lakini akirudi na kuamua kujifunza, alfabeti haitamshinda. Ni ile ile aliyoizoea. Hali ya mtoto wa Kijapani ni tofauti kabisa. Zipo seti mbili za herufi za silabi, hiragana na katakana, ambazo hujifunzwa mapema. Kisha ipo kanji, maandishi yaliyotoka Uchina, ambamo kila alama hubeba maana na mara nyingi husomwa kwa njia zaidi ya moja kutegemea neno.

Katika shule ya msingi peke yake mtoto hutakiwa kujua kanji 1,026. Orodha rasmi ya kanji za matumizi ya kawaida, iliyofanyiwa marekebisho mwaka 2010, ina 2,136. Kwa mtaala wa sasa, mtoto anayemaliza darasa la nne huwa ameshafundishwa 642, na bado anadaiwa 384 kabla ya kumaliza la sita. Kanji haziingii kichwani kwa kusikia watu wakizungumza. Huingia kwa mkono, kwa kuandikwa na kurudiwa siku baada ya siku, zikisahihishwa na mwalimu. Mtoto aliyetumia miaka mitatu au minne nje ya utaratibu huo anaweza kuzungumza na bibi yake kwa simu bila taabu, lakini akashindwa kusoma gazeti, na mtihani wa kuingia shule ya upili au chuo kikuu ukawa ukuta mbele yake.

Mitihani hiyo ndiyo hofu ya pili. Ule wa pamoja wa kuingia vyuo vikuu hufanywa kwa siku mbili katika mwezi wa Januari, na tangu mwaka 2021 umechukua nafasi ya ule uliokuwepo tangu 1990. Kila chuo mashuhuri huongeza mtihani wake juu ya huo. Wakenya wanaokumbuka usiku wa kuamkia mtihani wa KCSE hawana haja ya kuelezwa zaidi.

SIKU BWENINI

Maisha ya kila siku katika shule hizi hufuata ratiba ambayo mtu yeyote aliyepitia bweni ataitambua: kengele ya asubuhi, kutandika kitanda, kiamshakinywa bwaloni, masomo, michezo, chajio, kisha kipindi cha kujisomea hadi taa zizimwe. Tofauti hujitokeza katika mambo madogo.

Hakuna anayegusa chakula kabla ya wote kuwa tayari. Kwa desturi ya Kijapani hutamkwa itadakimasu, yaani napokea kwa unyenyekevu, na baada ya kula hutamkwa neno jingine la shukrani. Rikkyo, ambayo ni shule ya Kanisa la Anglikana, ina sala pia, pamoja na ibada katika kanisa lake dogo. Walimu na wanafunzi hula katika bwalo moja. Wengi wa walimu hao huishi papo hapo shuleni, hivyo mwalimu wa hisabati wa asubuhi ndiye atakayekuwa wa zamu bwenini usiku, akisikiliza ni nani anayekohoa na ni nani anayelia chini ya blanketi.

Halafu lipo suala la usafi. Katika shule za Japani, wanafunzi wenyewe hufagia madarasa, hupiga deki korido na husafisha vyoo, kwa zamu na kila siku. Shule za ng'ambo zimeuchukua utaratibu huo kama ulivyo. Hata hapa kwetu mwanafunzi wa bweni hushika ufagio, lakini mara nyingi tumeufanya ufagio uwe adhabu ya mchelewaji au mzigo wa kidato cha kwanza. Kwao ni sehemu ya somo, na mwanafunzi wa mwaka wa mwisho hushika kitambaa sawa na mdogo wake. Jambo hilo naliona kuwa la maana kuliko mengi yanayosifiwa kuhusu elimu ya Japani.

Usawa wa kitambaa, hata hivyo, haufuti ngazi za umri. Aliyetangulia ni senpai, aliyefuata ni kohai, na lugha yenyewe hubadilika kutegemea unazungumza na nani. Kijapani kina ngazi za heshima ambazo mzungumzaji hawezi kuzikwepa, kwa sababu zimo ndani ya vitenzi. Mtoto aliyelelewa ng'ambo na wazazi wake peke yao hujua lugha ya nyumbani tu. Ni bwenini, akiwaomba wakubwa wampishe au wamfundishe, ndiko anakojifunza lugha ya heshima kwa matumizi ya kweli.

Ngazi hizo zina upande wake wa giza. Uonevu miongoni mwa wanafunzi, unaoitwa ijime, umeisumbua Japani kwa miaka mingi hadi sheria maalumu ya kuuzuia ikapitishwa mwaka 2013. Katika shule ya kutwa, anayeonewa angalau hurudi nyumbani jioni. Katika bweni lililo maelfu ya kilomita kutoka kwao, anayemwonea hulala kitanda cha pili, na nje ya lango kuna watu ambao pengine hawezi kuwaeleza shida yake kwa lugha yao. Shule za Kijapani zilizoko Uingereza hukaguliwa na wakaguzi wa Kiingereza kama shule nyingine za binafsi. Katika bweni, wakaguzi hao hutazama kwanza usalama na ustawi wa mtoto, na kwa mzazi aliye mbali huo si urasimu mtupu.

Mawasiliano na nyumbani nayo yana hesabu yake. Wakati wa baridi, Uingereza iko nyuma ya Japani kwa saa 9. Mwanafunzi anayemaliza kujisomea saa tatu usiku humkuta mama yake wa Tokyo saa kumi na mbili asubuhi, akiwa ndiyo kwanza anaamka. Msimu wa joto tofauti hupungua kuwa saa 8. Katika miaka ya sabini mawasiliano yalikuwa barua na simu za bei ghali, na sasa ni picha ya video mkononi. Mwaka una mihula mitatu, na kati yake mabweni hufungwa na kila mtu kwenda kwao. Safari ya ndege kati ya London na Tokyo, iliyokuwa ya saa 12 hivi, imerefuka hadi saa 14 au zaidi kwa ndege za Japani tangu anga ya Urusi ilipofungika mwaka 2022.

NDANI JAPANI, NJE UINGEREZA

Ukosoaji mkubwa unaoelekezwa kwa shule hizi hauhitaji utafiti: je, mtoto hukaa miaka saba Uingereza na kutoka bila kuijua Uingereza? Rafiki zake ni Wajapani, walimu wake wengi ni Wajapani, na wali uko mezani. Kiingereza hukisikia katika kipindi cha Kiingereza na dukani.

Shule zenyewe zimejitahidi kuutoboa ukuta huo. Rikkyo huwapeleka wanafunzi kukaa na familia za Kiingereza wakati wa mapumziko ya katikati ya muhula, hualika na kutembelea shule za jirani, na kila mwaka huwa na siku ya wazi ambapo wenyeji hualikwa kutazama kazi na michezo ya sanaa ambayo kila darasa limeitayarisha kwa wiki nyingi. Lakini haki itendeke: shule hizi hazikuanzishwa ili kuwafanya watoto Waingereza. Zilianzishwa ili watoto waweze kurudi. Kuzilaumu kwa kubaki za Kijapani ni kama kulaumu jahazi kwa kuwa halina magurudumu.

Kinachovutia zaidi ni jinsi Japani yenyewe ilivyobadili mtazamo kuhusu watoto waliorudi, wanaoitwa kikokushijo. Katika miaka ya sitini na sabini walitazamwa kama wagonjwa wa kutibiwa. Walisemwa kuwa husema mno darasani, huwatazama wakubwa machoni na Kijapani chao kina kasoro. Shule maalumu zilitengwa kuwarudisha katika mstari. Kufikia miaka ya themanini, kampuni za Japani zikiuza bidhaa kila pembe ya dunia, watoto wale wale wakawa hazina, na vyuo vikuu vikubwa vikaanza kuwatengea nafasi zenye mtihani tofauti. Mwanaanthropolojia wa Uingereza, Roger Goodman, alilichunguza suala hili katika kitabu alichochapisha mwaka 1990. Alionyesha kwamba wazazi wa watoto hao hawakuwa watu wanyonge waliosubiri kuhurumiwa. Walikuwa mabalozi, wasomi na wakuu wa kampuni, na sauti zao zilisikika wizarani.

ENZI YA NEEMA NA KUFUNGWA

Baada ya Rikkyo zilifuata nyingine, na karibu zote zilizaliwa katika kipindi kifupi kati ya 1985 na 1991. Sarafu ya yen ilikuwa imepanda thamani kwa kasi baada ya makubaliano ya Plaza ya Septemba 1985, na taasisi za elimu za Japani zikajikuta zinaweza kununua majumba ya kifahari Ulaya. Shitennoji, taasisi ya Kibuddha yenye uhusiano na hekalu la Osaka lililojengwa mwaka 593, ilifungua shule Herringswell, Suffolk, mwaka 1985. Gyosei, ya Kikatoliki, ikafuata Milton Keynes mwaka 1987. Chuo Kikuu cha Tokai kilifungua yake Præstø, Denmark, mwaka 1988. Teikyo ikaja Buckinghamshire mwaka 1989.

Kisa cha Alsace, mashariki mwa Ufaransa, kinastahili kutazamwa kwa karibu. Viongozi wa eneo hilo walitaka viwanda vya Kijapani, wakatambua kwamba meneja wa Kijapani kabla ya kuuliza bei ya ardhi huuliza watoto wake watasoma wapi. Wakaikaribisha taasisi ya Seijo ya Tokyo, na mwaka 1986 shule ya upili ikafunguliwa Kientzheim, kijiji cha mashamba ya mizabibu karibu na mji wa Colmar. Mwaka huo huo Sony ilianza kiwanda Ribeauvillé, kilomita chache tu kutoka hapo, na Ricoh nayo ikaja eneo hilo. Ni mara chache shule imetumiwa waziwazi hivyo kama chambo cha uwekezaji, na chambo kilinasa samaki.

Uchumi wa Japani ulipoporomoka mwanzoni mwa miaka ya tisini, kampuni zilipunguza watu ng'ambo, mishahara ikadumaa na idadi ya watoto ikazidi kushuka Japani kwenyewe. Shitennoji ilifunga shule yake ya Suffolk mwaka 2000. Gyosei ikafuata mwaka 2002, Seijo ya Alsace mwaka 2005 na Tokai ya Denmark mwaka 2008. Konan, iliyofunguliwa karibu na mji wa Tours, Ufaransa, mwaka 1991, ilihimili hadi 2013. Waliosoma humo wakirudi leo kutazama shule yao hukuta nyumba za makazi au ofisi za watu wengine. Kwa mtu ambaye utoto wake ulipita katika nchi isiyo yake, shule iliyofungwa ni hasara ya aina yake, maana hana kijiji kingine cha kuonyesha.

Zilizosalia ni zile zilizojipatia sababu ya pili ya kuwepo. Rikkyo ina nafasi zinazotengewa wahitimu wake katika Chuo Kikuu cha Rikkyo cha Tokyo, chenye asili yake katika shule ndogo iliyoanzishwa na mmishonari Mmarekani, Channing Moore Williams, mwaka 1874. Keio, taasisi iliyoasisiwa na mwanafikra Fukuzawa Yukichi mwaka 1858, ilifungua shule ya bweni Purchase, jimbo la New York, mwaka 1990. Hufundisha kwa lugha mbili, na idadi kubwa ya wahitimu wake huingia Chuo Kikuu cha Keio bila kupitia tanuri la mtihani wa kawaida. Kumon nayo ilifungua shule mwaka huo huo katika mji wa milimani wa Leysin, Uswisi, ambao zamani ulijulikana kwa hospitali za wagonjwa wa kifua kikuu. Huko Kiingereza kina nafasi kubwa kuliko Rudgwick, na wakati wa baridi wanafunzi huteleza kwenye theluji.

Hivyo mwanafunzi wa leo si yule wa 1972. Wengi hawatoki tena katika familia zilizotumwa na kampuni. Wametoka Japani moja kwa moja, wakipelekwa na wazazi wanaotaka watoto wao wapate Kiingereza na hewa ya dunia bila kupoteza njia ya kurudi. Shule iliyokuwa kimbilio la waliokwama ng'ambo imekuwa mlango wa kutokea. Wizara ya Elimu ya Japani bado huzitambua shule za binafsi za namna hii, zisizofika kumi, kuwa sawa na za nyumbani, na mwezi Juni mwaka 2022 bunge la Japani lilipitisha sheria ya kuendeleza elimu katika taasisi zilizo nje ya nchi.

Kwa familia ya Kijapani iliyo Nairobi hivi sasa ikiwa na mtoto wa mwaka wa nane, hesabu haijabadilika sana. Shule ya Karen itampeleka hadi mwaka wa tisa. Baada ya hapo mama atafungasha mizigo arudi naye Japani, au ataandikishwa katika shule ya kimataifa ya hapa jijini, au mwezi wa Aprili atapanda ndege kwenda London akiwa na sanduku lenye kamusi ya kanji, viatu vya ndani na vitambaa vya kusafishia bweni.